Mikia ya Mihogo ya Bibi

Siku hizi nikimenya muhogo naongea nao. Nyumbani wananicheka. "Wewe ni yupi?" nauuliza, halafu nautazama kichwani, naukwaruza ganda kwa kucha, nautazama tena. Moyo unanienda mbio kama zamani darasani, mwalimu akinyoosha kidole kwangu na jibu sina. Imepita miaka miwili na bado naukagua hivi. Nimeshaisimulia hii habari mara nyingi kwa kuchekesha, watu wanacheka na mimi nacheka, ila kila nikimaliza nahisi kama nimesema uongo. Kwa hiyo leo naiandika ilivyokuwa.

Bibi yangu anaishi ng'ambo. Ukishuka kwenye pantoni pale Kamanga unapanda pikipiki, halafu unamalizia kwa miguu kati ya mashamba ya watu. Kila msimu anatutumia gunia: viazi vitamu, mihogo, magimbi machache ya kule bondeni, na karanga ndani ya mfuko uliofungwa mafundo manne kama vile ndani kuna dhahabu. Gunia linavuka ziwa, mimi nalipokea upande wa mjini, nalipandisha mpaka Buswelu ambako naishi na dada yangu mkubwa na mtoto wake wa kike. Dada anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Baba wa mtoto yuko machimboni, anakuja akija. Mimi niliishia kidato cha pili, basi jiko ni langu na mtoto ni wangu mchana kutwa. Ananiita mama mdogo. Wakati ule alikuwa na miaka minne, ana mdomo kama wa mtu mzima.

Sheria ya gunia ni moja: hakuna kinachotupwa. Bibi anapiga simu baada ya siku chache na anauliza kimoja kimoja. Viazi mmefanyaje? Vilivyobaki je? Na vile vilivyochubuka? Huwezi kumdanganya, anajua idadi.

Kwa hiyo nilijifunza kupika mabaki kuliko nilivyojifunza kupika chakula chenyewe. Viazi vilivyochemshwa jana unavikata vipande vya unene wa kidole, unavianika juani, vinakauka na kuwa vigumu kama soli. Hayo ndiyo matobolwa, unamfungia mtu wa safari naye anatafuna mpaka afike. Ukivikata vibichi ukavianika ni michembe. Michembe ukiichemsha na karanga za kutwanga unapata kitu cha kumnyamazisha hata mtu wa maneno mengi. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe lenye mgongo mpana kama kitanda, ndipo tunapoanikia, na kuku wa jirani ndipo wanapotuibia. Magimbi yaliyolala nayaponda na kitunguu na ndimu, naviringa, nakaanga. Mihogo iliyochemshwa ikabaki, asubuhi naikaanga kwa chumvi na pilipili.

Tatizo ni mihogo mibichi. Haina subira. Siku ya tatu inaanza kuweka mistari ya buluu kama mishipa kwenye mkono wa mzee, siku ya tano ni ya kutupa, na kutupa ndiyo hairuhusiwi.

Nilikuwa na daftari. Juu ya jalada nilichora meza tatu na dirisha. Hiyo ni hoteli yangu, itakayokuwa juu kidogo mahali ambapo mtu akila anaona ziwa, na chakula chote kitatokana na vitu ambavyo watu wengine wangetupa. Kila nikigundua pishi jipya naliandika. Jirani yetu, mama mmoja wa Bukoba ambaye sisi tunamwita Mama Jirani tu, alikuwa akiliona lile daftari anashika kiuno.

"Hoteli ya mizizi! Nani atakuja? Nyie Wasukuma mnachimba kama panya. Njoo kwangu ujifunze ndizi, uwe mtu."

"Ndizi zenu Mama Jirani zinaliwa na waliosoma. Sisi tusiosoma tunakula vya chini."

"Kula, kula. Siku moja hivyo vizizi vitawaua."

Tukacheka. Ulikuwa utani wa kila siku, wala hakuna aliyeutilia maanani.

Gunia la mwaka ule lilipofika nililifungua uani, nikatandika khanga, nikapanga kila kitu. Nilikuwa nimeona kwenye simu picha za majiko ya watu, mboga zimepangwa zinang'aa kama zimekwenda kanisani. Nikataka na mimi picha ya namna hiyo. Nikapiga ya kwanza, haikunipendeza. Mihogo mingine ilikuwa imekatwa vizuri kichwani, lakini mingine ilikuwa na vikonyo virefu, kile kipande cha mti kinachobaki pale muhogo ulipokuwa umeshikana na shina. Kwenye picha ilikaa kama panya waliolala na mikia yao. Nikachukua kisu, nikakata mikia yote, nikairudisha mihogo kwenye khanga, nikapiga ya pili. Hiyo ikapendeza. Nikamtumia dada. Akajibu kwa kidole gumba.

Mikia nikaitia kwenye moto.

Siku ya nne asubuhi dada aliondoka kama kawaida kabla jua halijakaa sawa. Nikaenda kuangalia beseni. Mihogo ilikuwa imebaki saba, na miwili imeanza ile mistari. Nikachagua minne, pamoja na hiyo ya mistari, nikamenya, nikakata sehemu mbaya. Nikawaza: kuchemsha tumechemsha, kukaanga tumekaanga, leo nifanye kitu cha hoteli. Nikaikwaruza yote kwa kile kikwaruzo cha karoti, nikaikamua maji kwa kitambaa, nikatia sukari, iliki, yai moja na unga wa ngano kiganja kimoja, nikaviringa vidonge bapa, nikavitia kwenye mafuta. Harufu yake! Mtoto alikuja mwenyewe, hajanywa hata chai, akasimama mlangoni kavuta gauni mpaka kitovu kinaonekana.

"Mama mdogo, ni maandazi?"

"Ni zaidi ya maandazi. Hayana jina bado. Wewe ndiye mteja wa kwanza."

Akauma. Akatafuna polepole.

"Kinauma ulimi."

"Ni moto. Puliza."

Akapuliza, akauma tena, akakunja uso. "Kichungu hapa," akasema, akanionyesha pembeni ya ulimi.

Nikaonja kimoja. Kweli palikuwa na kitu, uchungu mdogo sana kwa nyuma, kama umelamba kidonge cha malaria kwa bahati mbaya. Nikadhani ni mafuta, au ile mistari sikuikata vizuri. Nikachukua sukari nikamnyunyizia juu, nyingi, mpaka ikang'aa. Akacheka, akala kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Nikachukua daftari na kuandika: *ongeza sukari*. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

Ilikuwa kama saa nne. Mtoto alitoka kwenda kufukuza kuku, mimi naosha kikaango, simu ikaita. Bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Viazi?"

"Nimeanika, viko juu ya jiwe."

"Magimbi?"

"Tulimaliza juzi."

"Haya. Na ile mihogo yenye mikia, umeshaitia kwenye maji?"

"Mikia gani bibi?"

"Mitatu. Niliiachia mikia. Nyonga inaniuma, nimeshindwa kwenda kuloweka, nikasema wewe utaweza, umpikie dada yako ugali wa udaga."

Nilikuwa nimeshika kikaango, povu linanitiririka kwenye kiwiko.

Niseme hapa jambo ambalo nilikuwa nalijua na silijui. Bibi anapanda mihogo ya aina mbili. Mitamu iko katikati ya shamba. Michungu iko pembeni kuzunguka yote, kuzuia nguruwe pori na watu wenye mkono mrefu. Michungu hailiwi hivi hivi. Inalowekwa siku tatu, nne, mpaka ilainike, inaanikwa, inatwangwa, ndiyo unga wa udaga. Ikishatoka ardhini na kuchanganyika, kwa nje inafanana kama pacha. Kwa hiyo anapovuna, mtamu anaukata kichwani mpaka mwisho, mchungu anauachia mkia. Nyumbani kwake mtu yeyote akiona mkia anajua. Nilipokuwa naenda likizo nilikuwa naiona mikia kwenye ungo wake, sikuuliza hata siku moja. Siku zote alitutumia udaga ukiwa unga. Kwake yeye hakukuwa na haja ya kunieleza, mkia ulikuwa barua tosha.

Na mimi barua niliichoma.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, sauti imeshuka. "Mikia iko wapi?"

"Niliikata."

"Yote?"

"Yote bibi. Nilikuwa napiga picha."

Nikasikia anavuta pumzi. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

"Umepika?"

"Leo asubuhi."

"Umeloweka?"

"Hapana. Nimekwaruza nikakaanga."

"Nani amekula?"

Nikatazama uani. Mtoto alikuwa ameacha kuku. Amekaa chini kwenye kivuli cha jiwe, miguu ameinyoosha, anatazama vidole vyake. Mtoto yule hakai chini. Akikaa chini ameshikwa na kitu.

"Mtoto," nikasema.

"Sikiliza. Usikae kusubiri alie. Usimpe chochote. Mbebe sasa hivi hospitali, uwaambie mihogo michungu, uwaambie hivyo hivyo, usione aibu. Nenda."

Nilimbeba kwa nguvu mpaka akasema naumia. Ngozi yake ilikuwa na jasho la baridi. "Tumbo," akasema, kwa upole, kama anaomba samahani. Nikapiga kelele kumwita Mama Jirani, akatoka na kisu cha ndizi mkononi, nikamwambia kwa maneno matatu. Kisu kikaanguka. Akaanza kusema "Ee Yesu wangu, nilitamka mimi, kinywa changu hiki," na huku anakimbilia barabarani bila viatu kusimamisha bajaji.

Kwenye bajaji alinishika goti njia nzima. Dereva alikuwa anauliza tunakwenda upande gani wa hospitali, wa mbele au wa nyuma, na mimi nilishindwa kujua mbele ni wapi. Tulipokaribia Mama Jirani akaninong'oneza.

"Ukifika sema mlinunua mihogo barabarani."

"Kwa nini?"

"Dada yako atakufukuza. Utakwenda wapi?"

Nakiri niliwaza. Kwa sekunde chache niliona kabisa yule muuzaji wa uongo, karai lake, pilipili yake kwenye kopo. Ingekuwa rahisi. Lakini muuzaji wa barabarani asingejua muhogo ni wa namna gani wala ulikwaruzwa saa ngapi, na mtoto alikuwa anazidi kuwa mzito mabegani kwangu.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani. Nikamwambia yote, kuanzia mikia. Hakushangaa, na hilo liliniogopesha zaidi, maana nilijua ameshaona.

"Amekula saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu hivi."

"Alikuwa amekula kitu kingine?"

"Hapana."

"Vingapi?"

"Vinne."

"Wewe je?"

"Kimoja."

"Na wewe kaa hapo, usiende mahali. Hiyo mihogo minne uliyokwaruza, michungu ilikuwa mingapi?"

Sikujua. Inaweza kuwa yote mitatu ilikuwa humo. Inaweza kuwa hakuna. Nikaona ile mihogo kichwani mwangu, myeupe, misafi, mizuri kwa picha, hakuna hata mmoja unaosema neno.

Nikampigia bibi. Akapokea kabla haijaita mara ya pili; alikuwa ameishika simu mkononi.

"Ganda la ndani," akasema. "Hii yangu mitamu, ganda la pili lina uwekundu kama ufizi. Michungu ni jeupe. Lakini ni hii yangu tu, usije ukaenda kuitumia akili hiyo kwa ya watu wengine. Maganda umeyatupa?"

Sikuwa nimeyatupa. Katika nyumba yetu hakuna kinachotupwa, maganda huwa nayaweka kwenye ndoo kwa ajili ya mbuzi wa Mama Jirani. Nilipomtajia ndoo, Mama Jirani akaruka. "Mbuzi wangu!" halafu akajishika mdomo, akamtazama mtoto, akaona aibu, akatoka mbio kurudi nyumbani kuhesabu maganda.

Mtoto akatapika. Alitapikia gauni langu, na nikayaona yale makwaruzo meupe pamoja na sukari yangu. Daktari akaja, kijana mwenye sauti ndogo, akamsikiliza kifua, akamtazama macho, wakamwekea dripu. Mkono wa mtoto ulikuwa mdogo mpaka bandeji ikamzunguka mara nne. Akawa anataka kulala.

"Mwongeleshe," nesi akaniambia. "Nataka nimsikie anajibu."

Mimi ni mtu wa maneno, kila mtu atakuambia. Nikaanza na hoteli, maana ndiyo hadithi anayoipenda. Nikamwambia juu ya dirisha, meza tatu, kitambaa cha njano.

"Nitakuwa nani?" akauliza, macho yamefumba nusu.

"Utakuwa bosi. Utakaa mlangoni unawaambia watu karibuni."

"Wanakula nini?"

Nikafungua mdomo na kila pishi lililonijia lilikuwa na muhogo ndani yake. Nikasema wanakula wali. Wali na samaki. Nikasema mayai. Akanyamaza. Nikamtikisa bega, "Bosi! Bosi, wateja wamefika," na nesi akaja akamshika mkono, akatazama saa yake kwa muda ambao nilihesabu pumzi kumi na mbili za mtoto. Zilikuwa za haraka. Sijawahi kutazama kifua cha mtu namna ile. Kila kikishuka nilikuwa nakiomba kipande.

Kichwa changu nacho kilikuwa kinazunguka. Sikujua kama ni sumu au ni woga. Nilitamani iwe sumu. Niliona kama yangu ikiwa nyingi, yake itapungua, kama vile kulikuwa na sahani moja tunagawana.

Dada hakuwa anapatikana. Kiwandani simu wanaziacha kabatini mpaka saa ya mapumziko. Nilipiga mara nyingi nikijua hivyo, na kila ile sauti ikiniambia mteja hapatikani nilifarijika kidogo, halafu nikaichukia faraja yenyewe.

Mama Jirani akarudi anahema, ameshika mfuko wa maganda kama ushahidi wa polisi. Amekuja na ile mihogo mitatu iliyobaki pia. Tukayapanga juu ya benchi. Nikafungua simu nikatafuta ile picha ya kwanza, mbaya, niliyokuwa nimesahau kuifuta. Ilikuwepo. Panya watatu na mikia yao. Mitatu, kama bibi alivyosema. Kwenye benchi tukaikwaruza ile mizima kwa kucha: mmoja ganda jekundu, miwili jeupe. Kwenye mfuko tukapata ganda jeupe la muhogo mmoja tu, mengine yote mekundu.

"Mmoja," nikamwambia nesi. "Ni mmoja kati ya minne."

"Na ulikamua maji?"

"Nilikamua."

"Sana?"

"Sana, kwa kitambaa."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumweleza daktari. Hakusema mtoto atapona. Alisema tu, "Afadhali." Neno hilo nililishika kama mtu anavyoshika kamba.

Dada alifika saa nane na nusu. Alikuja na buti zake nyeupe za kiwandani, hakukumbuka kuzivua, na harufu ya samaki ikaingia kabla yake. Alinipita. Akaenda kitandani, akaweka kiganja kwenye paji la uso la mwanawe, akakiacha hapo. Ndipo akanigeukia.

"Nini?"

Mama Jirani alinitazama. Nadhani hata wakati ule bado alikuwa tayari kunisaidia na yule muuzaji.

"Ni mimi," nikasema. "Bibi alileta michungu ameiwekea alama, mimi nikaikata ili nipige picha. Ile niliyokutumia."

Nikaendelea, maana nilihofu nikinyamaza sitaweza kuanza tena.

"Aliniambia kinauma ulimi."

"Alikuambia?"

"Aliniambia. Akasema kichungu."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwekea sukari."

Dada hakupiga kelele. Alikaa pembeni ya kitanda, akaanza kuvua buti, moja, halafu nyingine, akaziweka sawa chini, nyayo zake zimekunjamana kwa maji. Alivyozipanga zile buti, taratibu, ndivyo nilivyojua kwamba mtoto akifa sitakuwa na dada tena, wala hatanitukana. Atapanga vitu vyangu hivyo hivyo, mlangoni.

Saa kumi pumzi zikaanza kupungua kasi. Nilikuwa wa kwanza kuona, kwa sababu sikuwa nimetazama kitu kingine. Saa kumi na moja mtoto akafumbua macho, akamwona mama yake, akaniona mimi, akasema ana kiu, na kwamba ile sindano itolewe kwa sababu hajakosea kitu. Nesi akacheka. Mama Jirani akalia kwa sauti mpaka akatolewa nje. Mimi sikulia wala sikucheka. Nilikwenda bombani nje, nikafua yale matapishi kwenye gauni langu, jua linawaka.

Walimbakiza mpaka kesho yake, wamtazame. Mimi nilitumwa nyumbani kuleta khanga na chupa ya chai. Jikoni palikuwa kama nilivyopaacha, kikaango na povu lililokauka, na kwenye sahani vidonge vitano vya rangi ya dhahabu, vizuri kweli kweli. Nilichimba shimo nyuma ya jiwe, nikavifukia, nikaweka mawe juu kwa ajili ya kuku. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimetupa chakula cha bibi.

Kwa wiki mbili dada alikuwa anamwamsha mtoto alfajiri na kumpeleka kwa mfanyakazi mwenzake anayeishi karibu na kiwanda. Hakunieleza, na mimi sikuuliza. Nilikuwa nasikia mtoto analalamika gizani, "Kwa nini nisibaki na mama mdogo?" na dada anasema vaa kiatu.

Wiki ya kwanza nilivuka kwenda kwa bibi, na ile michungu miwili kwenye mfuko. Nilidhani nakwenda kugombezwa. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha kwa ajili ya nyonga. Hata salamu haikuisha.

"Niliona mkia unatosha," akasema. "Sikukuambia kwa mdomo. Nilisahau kwamba umekulia mjini, chini ya bati."

Akanifundisha basi, yeye amekaa na mimi nafanya. Tuliiongezea mingine kutoka pembeni mwa shamba, nikamenya, nikailoweka kwenye pipa. Kila siku alinituma niibonyeze. Siku ya nne ilipasuka mikononi, inanuka vibaya, nikatoa zile nyuzi, nikaibana chini ya mawe ichuje, nikaianika mpaka ikawa kavu na nyeupe, tukatwanga. Ugali wake ulikuwa wa rangi ya majivu na laini, na bibi alikula akimega matonge makubwa. Mimi tonge la kwanza lilikaa mdomoni muda mrefu. Bibi alinitazama mpaka nikameza.

Niliporudi niliweka unga mezani. Dada aliupika jioni ile na dagaa, akala, hakuuliza kitu. Asubuhi ya Jumatatu nilisikia anavaa. Nikasubiri lile neno la kiatu, halikuja. Alifungua mlango wa chumba changu, akamsukuma mtoto ndani akiwa bado na khanga ya kulalia.

"Uji uko kwenye chupa," akasema. "Nikirudi nimkute." Akaondoka.

Nilikaa kitandani nimemshika mtoto, naogopa kusimama.

Daftari sijaliacha. Kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya pishi lolote, nimechora muhogo wenye mkia. Bibi sasa hatutumii michungu mibichi tena, anatuma unga, lakini kwenye kila gunia naangalia vichwa, maganda, na namuuliza kwenye simu mpaka anachoka. Na nikishachemsha, nakula mimi kwanza. Naweka saa kwenye simu. Mtoto anakaa upande wa pili wa meza, sahani yake tupu, ana miaka sita sasa na hana hofu ya kitu chochote duniani.

"Mama mdogo," alisema wiki iliyopita, mikono mashavuni. "Umekufa?"

"Bado."

"Unasikia ulimi?"

"Hapana."

"Tumbo?"

"Hapana."

"Basi nipe, nina njaa."

Nikaitazama saa. Zilibaki dakika ishirini. Nikamwambia asubiri, akapiga meza kwa kijiko, akasubiri.